Orient Kamasu: miaka mitatu mkononi, na nilichokipima

Kamasu ninayoizungumzia, saa ya mkononi ya kampuni ya Orient, ni nyeusi, RA-AA0001B. Imevaliwa miaka mitatu Dar es Salaam, maana yake jasho kila siku na maji ya chumvi kila mwisho wa wiki. Ikiwa mkononi inakimbia sekunde 9 kwa siku. Orient wenyewe wanakubali ichelewe hadi sekunde 15 au ikimbie hadi 25, kwa hiyo yako ikikimbia 20 usiirudishe dukani. Ni nzima.

Na hizo sekunde unaweza kuzipunguza bila fundi. Saa ya mashine, isiyotumia betri, haiendi sawa ikilala chali na ikisimama ubavu. Yangu ikilala chali usiku inaongeza. Nikiilaza ubavu, kitufe (kile cha pembeni cha kurekebishia saa) kikiangalia juu, inarudisha sekunde mbili hivi. Kila saa ina tabia yake. Ilinganishe na simu kabla ya kulala na ukiamka, andika, kesho ibadilishe mkao. Wiki moja inatosha kujua mkao upi unaichelewesha, na kuanzia hapo inajirekebisha wewe umelala.

Upana ni milimita 41.8, unene 12.8, na kutoka pembe hadi pembe, pale mkanda unaposhikia, ni karibu 47. Kipimo hicho cha mwisho ndicho cha kukiangalia kama mkono wako ni mwembamba. Wa kwangu una mzunguko wa sentimita 16.5 na pembe hazitokezi nje. Kuna saa za milimita 40 zenye pembe ndefu ambazo zinanikalia vibaya kuliko hii.

Kioo ni safaya, na kwa bei ya kati ya dola 200 na 300 hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuichukua. Mshindani wake, Seiko 5 Sports SRPD55, ana Hardlex, yaani kioo cha madini kilichokazwa. Hardlex inavumilia kugongwa lakini mchanga unaikwaruza. Safaya mchanga wa ufukweni hauiwezi, ila ukiibamiza kwenye kona ya ukuta inaweza kumeguka pembeni. Tena hiyo Seiko 5 imeandikwa mita 100 na kitufe chake hakifungwi kwa thredi, wakati Kamasu ni mita 200 na kitufe kinakazwa. Umbo linafanana na la saa ya kuzamia, kazi hazifanani.

Ndani ya Kamasu mna F6922, mashine ya Orient wenyewe: vito 22 (vijiwe vya kupunguza msuguano), mapigo 21,600 kwa saa, hivyo mshale wa sekunde unakwenda hatua sita katika kila sekunde. Vuta kitufe hadi mwisho, mshale huo unasimama na unaweza kuulinganisha na simu barabara. Ingawa ni otomatiki, yaani inajijaza mkono unapotembea, inatiwa ufunguo kwa kuzungusha kitufe pia. Waliolelewa na saa za ufunguo bado wanaogopa kukata springi, lakini kwenye otomatiki springi ikijaa inateleza ndani ya pipa lake. Saa ikikaa droo siku tatu, zungusha kitufe mara 25 kisha vaa. Kuitikisa kama chupa ya dawa hakuna haja.

Tarehe ndipo watu wanapoharibia. Kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, meno ya kugeuza tarehe na siku yanakuwa yameshaumana. Ukiisukuma tarehe kwa kitufe wakati huo, jino linapinda au linavunjika, na baada ya hapo tarehe inaganda au inaruka. Shida yetu tunaohesabu saa kwa Kiswahili ni kwamba kijitabu kinasema 9 hadi 4. Msomaji wa harakaharaka anaelewa saa tisa alasiri mpaka saa nne usiku, kisha ikifika saa tano usiku anabadili tarehe kwa amani kabisa. Kumbe ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Njia isiyo na hatari ni hii. Zungusha mishale mbele mpaka uone tarehe imegeuka; hapo saa inaamini ni usiku wa manane. Endelea mpaka mshale mfupi ufike kwenye 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Rudisha kitufe hatua moja ndani, weka tarehe ya jana na siku ya jana. Halafu kivute tena hadi mwisho, peleka mishale mbele mpaka leo igeuke yenyewe, na uendelee hadi saa uliyo nayo. Kama imeshapita saa sita mchana, mshale mfupi utapita tena kwenye 12 bila tarehe kubadilika. Ikibadilika, ulikosea nusu siku.

Sasa maji. Kwenye uso wa Kamasu mmeandikwa inahimili mita 200, lakini neno Diver's hamna. Neno hilo si pambo: saa inayolibeba imepita kiwango cha ISO 6425, cha kimataifa cha saa za kuzamia, ambako kila saa inapimwa peke yake kwa shinikizo lililozidi kwa robo kile kilichoandikwa. Seiko Turtle SRPE93 inalo. Kwa kuogelea na kuzama kwa pumzi zako, Kamasu inatosha na chenji inabaki. Kwa mtungi mgongoni ningechukua Turtle.

Saa nyingi huingiza maji kwa sababu kitufe hakikufungwa, wala kina cha maji si hoja. Kukifunga: kisukume kidogo, kizungushe kinyume mpaka usikie thredi imeketi, ndipo ukaze mbele. Kikigoma baada ya nusu mzunguko, legeza uanze upya. Ukilazimisha, thredi inakufa na kitufe hakishiki tena. Baada ya bahari, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi huku unazungusha ile ringi ya nje, maana chumvi na mchanga hukaa chini yake na ringi inakuwa ngumu. Usioge nayo maji ya moto: joto na sabuni ndivyo vinavyokausha mpira wa kuzuia maji.

Mpira wenyewe unataka kupimwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili kama unaogelea. Muulize fundi kama ana mashine ya kupima shinikizo. Mafundi wengi wa barazani hawana, na ni mikono mizuri tu kwa kazi nyingine, ila akishafungua mfuniko wa nyuma, akarudishia mpira uleule mkavu bila grisi ya silikoni, zile mita 200 zimebaki maandishi. Kipimo cha nyumbani kipo: ipashe saa kwa kiganja au iweke juani dakika chache, dondoshea tone la maji baridi sana katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukitokea upande wa ndani, unyevu umeshaingia. Kama ni wa bahari, usisubiri Jumatatu. Chuma cha ndani kinaota kutu ndani ya siku chache.

Kingine kinachotisha bila sababu ni saa kuanza kukimbia dakika nzima au zaidi kwa siku, ghafla, bila kuanguka. Mara nyingi ni sumaku. Springi nyembamba kama unywele inayopumua ndani ya mashine inashikana mizunguko yake, inakuwa kama imefupishwa, na springi fupi inapiga haraka. Wakosaji ni spika, kava za tableti na vifungo vya mikoba. Isogeze karibu na dira. Sindano ikichezacheza, jibu umepata. Kifaa cha kuondoa sumaku ni cha bei ndogo na kazi yenyewe haizidi dakika. Usikubali kulipia kusafishwa kwa mashine nzima kabla ya jaribio hilo.

Mapungufu. Vipande vya mkanda vinavyokutana na saa ni bati lililokunjwa, kwa hiyo mkanda una kelele kidogo. Niliuweka kabatini, nikavalisha raba ya milimita 22. Rangi ya kung'aa gizani inasomeka usiku kucha lakini haiifikii ya Seiko. Na hapa ndipo Seiko anapomshinda kwa kweli: mashine yake ya 4R36 ina pacha, NH36, anayeuzwa peke yake na kuingia palepale. Saa ikichoka baada ya miaka kumi, fundi anang'oa ya zamani na kuweka mpya. F6922 haipatikani kirahisi hivyo. Itabidi isafishwe na mtu anayejua. Kama uko mbali na mji mkubwa, hiyo peke yake inatosha kukupeleka Seiko.

Vipi ukiwa na pesa ya Tudor Black Bay Fifty-Eight? Milimita 39, unene 11.9, akiba ya kutembea saa 70 ikivuliwa badala ya 40 na kitu za Kamasu, cheti cha COSC (taasisi ya Uswisi inayopima saa) cha kutotoka nje ya sekunde 4 nyuma na 6 mbele kwa siku, na springi ya silikoni ambayo sumaku haiigusi. Niliyoivaa ilikuwa inakimbia sekunde 2. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Nikikwambia inaizidi Kamasu kwa ubora kama inavyoizidi kwa bei nitakuwa nakudanganya, ila tofauti unaigusa kwa kidole: ringi haina mchezo hata kidogo na kingo za chuma zimepigwa msasa vizuri. Juu yake, Rolex Submariner 124060 inaongeza mita mia za kuhimili maji na kushusha kosa linaloruhusiwa hadi sekunde 2 kwa siku kila upande, kwa bei inayopita dola 9,000. Kwa kuvaa tu, mimi ningeishia Tudor.

Submariner yoyote yenye kioo mgongoni, kinachoonyesha mashine, ni feki. Rolex hawajawahi kuitengeneza hivyo. Zikwepe pia Seiko 5 za zamani zenye nyuso za rangi kali zilizopakwa upya: sura mpya, ndani mna vipande vya saa tatu tofauti. Ukiwa kaunta, iombe saa mkononi, zungusha ringi mzunguko mzima uone alama yake inaketi sawasawa na 12, peleka mishale mpaka tarehe igeuke, kisha fungua na kufunga kitufe mara tatu. Muuzaji akikukataza kukifungua, rudisha saa yake.