Kipimo cha IDEA kwa wazee wasiosoma: uzoefu wangu kama muuguzi

Ninahudumia wazee katika kituo cha afya mkoani Kilimanjaro. Nikitaka kujua kama usahaulifu wa mzee ni wa umri tu au ni dalili ya demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, natumia IDEA. Kipimo hiki ni tunda la utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza na hospitali ya KCMC, uliofanyika Wilaya ya Hai. Baadaye kilijaribiwa Nigeria pia.

Nilianza kazi na MMSE, kipimo cha Kimarekani cha mwaka 1975. Kile kinamtaka mgonjwa aandike sentensi, anakili mchoro, ahesabu kinyumenyume kutoka 100 akipunguza saba saba. Bibi asiyewahi kushika kalamu anafeli, ingawa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, anakisimamia mwenyewe na madeni ya wateja wake wa ndizi anayo yote kichwani. Iliniuma sana, kwa sababu tulikuwa tunampima shule aliyonyimwa, kisha tunaandika kwamba akili yake imechoka.

IDEA haina kalamu. Unamuuliza daraja ni nini, leo siku gani, kiongozi wa kijiji nani. Anataja wanyama kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno kumi uliyomsomea, anapanga njiti za kiberiti kama ulivyozipanga wewe. Alama za juu ni 15. Akipata 7 au chini yake, uwezekano wa demensia ni mkubwa. 8 au 9 ni ya kufuatilia. Wanyama ndiyo sehemu wazee wanayoifurahia: anaanza na ng'ombe na mbuzi, mara kafika kwa pimbi na tumbili wanaomlia mahindi.

Hakikisha kwanza anakusikia vizuri. Akiwa na homa au maambukizi ya mkojo, mtibu kwanza, maana mzee mgonjwa huchanganyikiwa ghafla na alama zitakudanganya. Sonono, yaani huzuni nzito isiyoisha, nayo iangaliwe. Na binti yake akianza kumnong'oneza majibu, mwombe kwa heshima asubiri nje.

Pungufu ninaloliona liko kwenye mafunzo. Tunafundishwa kuhesabu alama, lakini hatufundishwi vya kutosha namna ya kuongea na familia baada ya hapo, na wengi wanakuja wakiamini mama yao amerogwa. Huko huko Hai watafiti wamejaribu vikao vya kuchangamsha akili: wazee wanakaa kikundi mara mbili kwa wiki, vikao 14, wanazungumza, wanaimba, wanacheza. Ningependa kila muuguzi anayefundishwa IDEA afundishwe na kuendesha vikao hivyo, ili familia isirudi nyumbani na namba peke yake.