Lenzi ya kubana kwenye simu: uzoefu wangu na mbawakawa wanaofanana

Naishi Worcester, Massachusetts, mji ambao mbawakawa mweusi mwenye madoa meupe hapuuzwi. Mwaka 2008 aligunduliwa hapa Anoplophora glabripennis kutoka Asia, ambaye mabuu yake hutoboa miti iliyo hai, hasa mepo, ule mti wa jani la bendera ya Kanada. Miti zaidi ya 30,000 ilikatwa ili kumzuia. Kuna mitaa iliyopoteza kivuli chote.

Kwa hiyo Julai nilipomkuta mmoja kwenye kioo cha gari, vipapasio virefu kuliko mwili, moyo ulinienda mbio. Nikampiga picha, nikaipa programu ya kutambua wadudu. Ikajibu bila kusita: ni yule wa Asia.

Mama watoto alitaka tupige simu idara ya kilimo papo hapo. Nikaomba dakika kumi, nikachukua lenzi ndogo ya dola 18 niliyonunua kwa ajili ya kupigia picha za maua. Hapo ndipo ilipolipa gharama yake. Chini kidogo ya shingo, mabawa yanapoanzia, kuna kipembetatu kidogo sana. Cha huyu kilikuwa cheupe kama chokaa. Cha yule wa Asia ni cheusi. Mgongo nao ulikuwa umefifia, wenye rangi kama ya shaba, ilhali wa Asia hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Kumbe ni Monochamus scutellatus, mwenyeji wa huku, anayetaga kwenye misonobari iliyokufa au inayokaribia kufa. Jike lake lina pete nyeupe kwenye vipapasio, ndiyo maana picha ya mbali inapotosha.

Kasoro zipo. Kibanio huteleza simu ikiwa na kava nene, na lazima usogee karibu mno, mdudu anatembea. Mimi humweka kwenye chupa ndani ya friji dakika chache, anatulia. Flashi izime kabisa: mwanga wake ukigonga mgongo unaong'aa hutengeneza madoa ya uongo.

Binamu yangu wa Milano naye alinitumia picha. Kwao kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu jimbo lao la Lombardia limewahi kuvamiwa na glabripennis, yule yule wa kwetu Worcester, pamoja na ndugu yake, Anoplophora chinensis. Huyo wa pili ana vipele vidogo mabawa yanapoanzia; mwenzake ni laini. Picha ilipigwa umbali wa mita moja hivi, vipele huwezi kuviona wala kuvikana. Nimeagiza lenzi ya pili, nimtumie kwa posta.