Dirisha la Kiislamu baada ya mageuzi ya benki: uzoefu wangu wa murabaha

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mteja wa dirisha la Kiislamu, yaani dawati la huduma zisizo na riba, la benki moja ya kawaida hapa Dar es Salaam, na kabla ya mageuzi yao ningemshauri mtu yeyote afungue akaunti pale bila kusita. Kisha dawati letu likavunjwa, maofisa waliolimudu wakatawanywa matawini, nasi wateja tukaarifiwa kwa ujumbe wa simu kwamba sasa ofisa yeyote anaweza kutuhudumia.

Anaweza? Nilikwenda kuomba murabaha, yaani benki inunue mali kisha iniuzie kwa faida badala ya kunikopesha kwa riba, ili nipate cherehani za karakana yangu ya ushonaji. Kijana niliyemkuta, aliyeletwa kutoka kitengo cha mikopo, alinisogezea mkataba wa mauzo nitie saini papo hapo, ilhali cherehani zenyewe zilikuwa bado dukani Kariakoo, hazijanunuliwa na mtu. Profoma ya muuzaji, ile ankara ya awali ya bei, ilikuwa imebanwa juu ya mkataba huohuo, nayo ina jina langu mahali palipostahili jina la benki. Nilimweleza kwa adabu kwamba benki hununua kwanza, mali ikawa yake na hasara yake juu yake, ndipo iniuzie kwa bei ambayo faida yake imetajwa wazi. Akanijibu macho yakiwa kwenye kompyuta: "Mzee wangu, hizo ni karatasi tu, pesa ni ileile."

Kama ni karatasi tu, mimi nilifuata nini kwao? Tangu Amana Bank ianze kazi mwaka 2011 kama benki ya kwanza nchini inayofuata sharia kikamilifu, mteja aliyeudhiwa ana pa kuhamia. Tena wakubwa wanaopima mageuzi kwa gharama zilizopunguzwa wakumbuke kwamba faida ya mauzo yaliyoharibika kisharia haigawanywi, hutolewa sadaka, na sisi wenye akaunti za mudharaba, ambazo faida yake tunagawana na benki, gawio letu hupungua pamoja na lao.

Haki isemwe: programu yao ya simu ni nyepesi, foleni imepungua, na mama mmoja aliyebaki kutoka dawati la zamani ndiye aliyeurudisha mkataba makao makuu ukaandikwa upya, cherehani nikazipata. Nilikusudia kutoa nyota tatu. Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kwamba hata yule kijana hakufundishwa chochote kabla ya kuketishwa pale, na waliomketisha walijua. Basi ni nyota moja, nayo ni ya yule mama.