Mgahawa wa samaki jirani na soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza: jiko halina neno, mazungumzo yana mambo yake

Sifa za jiko naweza kuzimaliza haraka. Sato wa hapa hukaangwa hadi ngozi ikakauka huku nyama ikibaki laini, mchuzi wa sangara una ndimu ya kutosha, na anayependa ugali wa muhogo kuliko wa sembe huupata bila kuongezewa bei. Kinachostahili maelezo marefu ni jinsi wahudumu wanavyozungumza na wateja, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapogombana kuhusu mgahawa huu.

Wahudumu wanaoonekana zaidi ni wawili. Mmoja ni mama wa makamo ambaye hangoji mtu amalize kauli: ukitaja sato tu, ameshadakia kwamba wa leo ni wakubwa, ameuliza mmekuja wangapi, na kabla hujamjibu amependekeza samaki wa kugawana. Mwingine ni kijana anayesikiliza kwa utulivu, akanyamaza kidogo baada ya mteja kumaliza, ndipo akajibu kwa sentensi moja. Nilikwenda na wenzangu wawili wa kazini, mmoja mwenyeji wa Tanga na mwingine wa Tarime. Wa Tanga aliona kwamba mama amemkata kalima na kumvunjia heshima; wa Tarime alimpenda mama huyo papo hapo, ila akashikilia kwamba kijana hajali wateja. Kila mmoja alitaka lalamiko lake liandikwe hapa, nami naona yote mawili hayana msingi.

Mwanaisimu wa Marekani, Deborah Tannen, alirekodi maongezi ya marafiki waliokuwa wakila pamoja huko California mwaka 1978, akaonyesha kwamba wenye asili ya New York walidakiana maneno kama ishara ya kuvutiwa na anachosema mwenzao, ilhali wengine mezani waliendelea kusubiri nafasi ya kuingia ambayo haikupatikana. Uchunguzi wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 nao ulibaini kwamba, kwa wastani, kati ya swali na jibu hupita takriban milisekunde 200 tu, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Pengo likiwa dogo kiasi hicho, anayechelewa kidogo huonekana anasita au amechoka na watu, hata kama anachofanya ni kumwachia mwenzake nafasi ya kumaliza. Kijana huyu anahukumiwa kwa sababu hiyo, na mama anahukumiwa kwa sababu iliyo kinyume chake kabisa.

Kasoro ya kweli ninayoiona ni namna bei inavyosemwa. Samaki huchaguliwa kwenye sinia na bei hutegemea ukubwa wake, lakini kijana, badala ya kutaja kiasi, husema, "Huyu ni wa watu wanne." Kwa wateja wake wa kila siku, kauli hiyo ni onyo la upole kwamba samaki huyo ni ghali, lakini wenzangu waliisikia kama ushauri kuhusu shibe, wakaagiza kwa furaha, na bili ilipofika wakaanza kutazamana. Kijana alishangaa kwa dhati, kwani kwa upande wake alikuwa ameshawatahadharisha. Staha ya kutomtajia mtu bei mbele ya wageni wake naielewa, na hata naipenda, lakini ubao wenye bei za samaki mdogo, wa kati na mkubwa ungemwachia upole wake bila kumwingiza mteja gharama asiyoitarajia. Mama, pamoja na haraka zake zote, hutaja bei kabla hujauliza.

Mama huhudumia meza za karibu na jiko, kijana huhudumia zile za upande wa ziwani. Mwenye haraka, au aliyekuja na kundi la wachangamfu, akae kwa mama. Mwenye jambo la kifamilia au la biashara la kuzungumza kwa utulivu akae upande wa ziwani, aulize bei kwa shilingi kabla samaki hajaondolewa kwenye sinia, kisha ampe kijana muda wa kujibu.