Uzoefu wangu: nililipia msimu wa pili wa Les Revenants, nikawekewa tamthilia nyingine

Kama unakaa Mbeya na umeanza kuifuatilia Les Revenants, ile tamthilia ya Kifaransa ambayo wafu wa mji mmoja wa milimani wanarudi nyumbani kana kwamba walitoka jana, nakuomba usiende kuitafuta kwenye duka la kurusha filamu kwenye flashi nililokwenda mimi kule Mwanjelwa. Jina lake silitaji.

Msimu wa kwanza niliupata hapo hapo, sehemu zote nane, picha safi na maandishi ya Kiingereza yanayosomeka, na kwa hilo sina lawama. Tangu hapo nyumbani kwangu hapakuwa na mazungumzo mengine. Binti wa dada yangu, ninayeishi naye, anashikilia kwamba mji mzima umekwisha kufa, waliorudi na waliobaki, na ushahidi wake ni ile barabara ya juu ya bwawa: Julie na mwenzake askari wanajaribu kutoroka na mtoto Victor kwa gari, lakini kila wakivuka wanajikuta pale pale walipotoka. Mimi nimemkatalia kwa sababu Léna amekua. Pacha wake, Camille, amerudi na umri ule ule aliokuwa nao basi la shule lilipotumbukia bondeni, ilhali Léna ameongeza miaka minne. Binti wa Adèle naye, ambaye baba yake, Simon, alikufa bila kumwona, amezaliwa na kukua katika mji huo huo. Maiti hawakui.

Nadharia yangu ni ya deni. Serge amerudi kwa Toni, ndugu yake aliyemuua na kumzika. Simon kwa Adèle, mwanamke aliyekuwa amuoe siku ile ile aliyokufa. Camille kwa wazazi ambao ndoa yao ilivunjika baada ya msiba wake. Mimi ni mzaliwa wa Iringa, na kwetu tunajua kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake, kwa kuwa walio hai hawakuchoka kulidai. Hata umeme unaokatika ovyo katika tamthilia hii, ambao binti anauona muujiza, haunishangazi mimi niliyeishi na mgawo wa umeme kila maji ya Mtera yalipopungua. Ninachouliza ni maji ya bwawa la kwenye tamthilia, yanayopungua, yanakwenda wapi.

Anayenisumbua ni Victor. Deni lake lingekuwa kwa Pierre, aliyekuwamo katika genge lililoiua familia yake, lakini anamfuata Julie, mwanamke asiyemjua kabisa. Tena ndiye aliyesimama barabarani dereva wa basi akapinda kumkwepa, maana yake alikuwa amerudi miaka minne kabla ya wenzake. Nani alimwita mapema hivyo? Msimu unaisha mji umefunikwa na maji, na swali halijajibiwa. Kwa hiyo msimu wa pili, uliotoka mwaka 2015, nilikuwa nauhitaji kweli.

Jioni ile tukafungua flashi. Basi la wanafunzi likatokea tena kwenye barabara ya mlimani, na binti akapiga kelele kwamba hadithi imejizungusha kama ile barabara ya bwawa, nadharia yake imeshinda. Kisha nyuso zikawa ngeni, watu wakazungumza Kiingereza, na Adèle akaitwa Rowan. Walikuwa wametuwekea toleo la Marekani la mwaka huo huo, lenye sehemu kumi, wakaliandika msimu wa pili!

Niliporudi dukani, kijana wa kaunta hakuniamkia, wala hakuinua macho kwenye simu yake. Nilimweleza kwa upole kwamba hii ni hadithi ile ile iliyoanzwa upya na watu wengine, si mwendelezo. Akanijibu, mbele ya wateja, “Mama, si ni ile ile? Hao wote misukule tu, unawaza nini?” Wateja wakacheka, naye akaniambia kwamba kubadilishiwa ni kulipa upya.

Mwanangu, msukule ana aliyemchukua. Hulimishwa usiku shamba la mtu, hana kauli, hajui kwao. Camille amechukuliwa na nani? Ameingia jikoni kwao mwenyewe, akajitafutia chakula kwa sababu ana njaa, akamsemesha mama yake kama mtoto yeyote aliyetoka shule. Mtu anayeuza hadithi kama hii bila kuona tofauti hiyo haheshimu hadithi wala mnunuzi.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba duka linafaa kwa filamu za kawaida, kwa sababu dada mmoja wa pale alinifuata hadi nje, akaniamkia, akaniomba radhi na kuahidi kuitafuta. Huyo namshukuru, na pengine angekuwa peke yake dukani ningewasifu. Lakini wiki zimepita, ahadi imekaa kimya, na kila nikikumbuka kile kicheko naona hata sifa ya picha safi niliwapa bure. Msiende.

Aliye Mbeya, Uyole au hata Tukuyu, mwenye zile sehemu nane halisi za Kifaransa za msimu wa pili, zenye maandishi yanayosomeka, anijulishe nitamlipa kabla sijafungua. Asiniambie tu Victor ni nani.