Testa ya pawasaplai: inunue au uiache?

Habari za saa hizi wadau, karibuni. Nipo Mtwara, na hapa mezani ni kile kidude mnachokiulizia sana: testa ya pawasaplai, yaani kipimo cha lile boksi linaloipa kompyuta umeme, hii yenye kioo.

Kompyuta haiwaki, unafanyaje? Chomoa plagi ukutani, toa nyaya zote za pawasaplai kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ule mdomo wa pini 24 uchomeke hapa. Rudisha umeme. Chenyewe kinaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa ndani, na ndiyo amri ya kuwaka. Haya, tazameni kioo: volti 12, volti 5, volti 3.3. Ruhusa ni asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo kwenye 12 ukikuta chini ya 11.4 au zaidi ya 12.6, weka pembeni hiyo. Na hii PG, "power good", ni milisekunde kabla pawasaplai haijaiambia mazabodi kwamba umeme umetulia. Iwe kati ya 100 na 500.

Mpaka hapo safi. Ila sikilizeni: testa haiibebeshi pawasaplai mzigo wa maana. Hii hapa namba zake zote nzuri, lakini irudishe kwenye mashine, fungua gemu, inazima pale pale. Mtu akisimama mikono mitupu utasema ana nguvu. Mtwishe gunia la korosho ndo utamjua.

Kwa ugonjwa huo wa kuzima-zima, tumia multimita ya kawaida, kile kipima umeme chenye ncha mbili. Mashine ikiwa kazini, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano, ndiyo wa volti 12. Ikishuka chini ya 11.4, umempata mchawi.

Pia kagua pini. Kwa sisi tunaokaa karibu na bahari, Shangani, Mikindani huko, upepo wa chumvi unazila. Pini yenye kutu inapata moto, na plastiki yake inageuka kahawia. Na usifungue boksi la pawasaplai! Kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa.

Mwenye duka la ufundi, nunua. Mteja wa "haiwaki kabisa" unamjibu akiwa bado amesimama kaunta. Mwenye kompyuta moja nyumbani, hela hiyo weka kwenye multimita, itakupimia mpaka betri ya bodaboda.