Tuisheni ya bailojia hapa Mwanga, Kigoma

Jamani hii tuisheni ya jioni naisifia kwa moyo wote, juzi mwalimu kaja na sufuria lina mawese akalisuuza kwa maji matupu, wapi, akatia sabuni mafuta yakaachia, akasema ndo hivyo hivyo protini za utando wa seli zinavyotolewa kwenye mafuta yake ili wataalamu waone umbo lake. Nikaelewa hapo hapo! Hata pampu ya sodiamu, ile protini ya kwenye utando wa seli, inatoa nje sodiamu 3 inaingiza ndani potasiamu 2 kwa ATP moja (molekuli inayoipa seli nguvu), mwanzo nilikuwa nakariri tu. Akatueleza na akwaporini, mlango wa maji kwenye utando wa seli, uliompa mwanasayansi Peter Agre tuzo ya Nobel 2003. Ila madawati machache, na umeme ukikatika kipindi kimeisha, waweke sola bwana.